Pembe za mviringo hazina mwenyewe

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na mhandisi ninayemheshimu sana: "Si Apple walijipatia hataza ya mstatili wenye pembe za mviringo, ndiyo maana Samsung wakalipishwa?" Hapana! Nimelijibu swali hili kwa sentensi moja miaka nenda rudi, na halifi.

Hataza ya umbo, yaani ile inayolinda sura ya kitu na si utendaji wake, ina dai moja fupi tu, linalokupeleka kwenye michoro. Basi itazame michoro. Mstari kamili unadaiwa. Mstari wa vipandevipande haudaiwi. Katika D618,677, hataza ya Apple ya sura ya simu, uso wa mbele umechorwa kwa mistari kamili: bapa, mweusi, unaong'aa, wenye mpaka wa skrini na tundu la spika mahali pake. Kitufe cha chini kimechorwa kwa vipandevipande, kwa hiyo kukiondoa kwenye simu yako hakukuokoi. Pembe zimo, ndiyo, lakini kinacholindwa ni sura nzima kwa pamoja. Zichomoe peke yake, huna kitu cha kumshtakia mtu.

Asiyeniamini asome uamuzi wa juri, yaani raia walioketi kuamua kesi ya Apple dhidi ya Samsung, huko San Jose, California, Agosti 2012. Galaxy Ace, simu ya Samsung yenye pembe za mviringo, ilishtakiwa kwa hataza hiyohiyo; juri ikasema haijakiuka. Galaxy Tab 10.1, tabiti ya Samsung, ilishtakiwa kwa D504,889, ya umbo la tabiti, ambayo ndiyo inayokaribia zaidi huo "mstatili" wenu. Nayo ikapona.

Kipimo cha kama umbo limekiukwa ni cha mwaka 1871, kesi ya Gorham, iliyohusu vijiko na uma: je, mnunuzi wa kawaida angechukua hiki akidhani ni kile? Hapa nina shaka ya kweli. Kijiko unakinunua kwa macho. Simu unaiwasha, unauliza betri, unaangalia nembo. Nimewahi kuweka michoro na simu mezani nikabadili msimamo mara mbili mchana mmoja.

Mkitaka kukasirika, kasirikeni kuhusu fidia. Kifungu cha 289 cha sheria ya hataza ya Marekani kinampa mwenye umbo faida yote ya bidhaa iliyokiuka. Mizizi yake ni sheria ya 1887, iliyotungwa baada ya Mahakama ya Juu kuishusha fidia ya umbo la zulia hadi senti 6. Zulia huuzwa kwa nakshi zake, sawa. Lakini simu ina chipu, antena, kamera na programu, na faida ya vyote hivyo inabebwa na uso wa mbele?

Desemba 2016, katika rufaa ya Samsung, Mahakama ya Juu ilisema, majaji 8 kwa 0, kwamba "bidhaa" inaweza kuwa sehemu tu ya simu. Samsung walishangilia. Tatizo ni kwamba Mahakama ilikataa kueleza sehemu hiyo inatambuliwaje. Kesi ikarudi San Jose, na Mei 2018 juri mpya ikaweka takriban dola milioni 533 kwa hataza za umbo, ilhali kiasi kilichokuwa kikibishaniwa Mahakama ya Juu kilikuwa milioni 399. Walioshinda rufaa wakatoka na deni kubwa zaidi.

Juni mwaka huohuo wakapatana, kwa hiyo hesabu ile haikufika mahakama ya rufaa. Mteja akiniuliza leo kama skrini ni bidhaa au ni kipande cha bidhaa, namwandalia hoja za pande zote mbili, na zote naziamini.