Kuhesabu Nchi Si Kupima Utandawazi wa Kampuni

Wiki iliyopita nililetewa tena ile ramani. Safari hii ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa rasimu ya ripoti niliyotakiwa kuipitia: dunia yote imepakwa buluu, isipokuwa vipande vichache vya kijivu, na chini yake pameandikwa kwamba kampuni inayozungumziwa ni ya kimataifa kikamilifu kwa kuwa "ipo" katika nchi zaidi ya 150. Nimekokotoa vipimo vya aina hii kwa miaka ya kutosha kujua kwamba mzigo wote wa sentensi hiyo umetwikwa neno "ipo", nalo halina mabega ya kuubeba. Wakala mmoja mwenye mkataba wa usambazaji ni kuwepo. Kampuni tanzu yenye sanduku la barua na isiyo na mwajiriwa hata mmoja ni kuwepo. Kiwanda chenye maelfu ya watu nacho ni kuwepo, na ramani huvipaka vyote rangi ileile.

Idadi ya nchi ina kazi yake pale mtu anapotaka kujua mtandao umetapakaa kiasi gani, mradi isomwe pamoja na kipimo cha mkusanyiko kinachoonyesha kama nchi mbili tu ndizo zilizomeza mauzo yote. Ikiachwa peke yake ni pambo. Ukubwa nao hausaidii: State Grid ya China, ambayo ni moja ya kampuni kubwa zaidi duniani kwa mapato, ina hisa katika mitandao ya umeme ya Brazil, Ureno na Ufilipino, lakini sehemu kubwa mno ya mapato yake hutoka nyumbani. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, ina waajiriwa takriban milioni 2.1, na kati yao karibu milioni 1.6 wako Marekani. Hilo naliacha hapo.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni fahirisi ya utandawazi wa kampuni ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ijulikanayo kwa kifupi chake TNI, ambayo ni wastani wa uwiano wa aina tatu: mali zilizo nje ya nchi kwa mali zote, mauzo ya nje kwa mauzo yote, na waajiriwa wa nje kwa waajiriwa wote. Kwa kuwa ni wastani, kampuni yenye asilimia 90 ya mali na asilimia 90 ya mauzo nje, lakini isiyo na mwajiriwa yeyote huko, hupata alama 60 sawasawa na kampuni yenye asilimia 60 katika kila safu, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuzitembelea kampuni mbili za namna hiyo angeziita ndugu. Isitoshe, ukisoma tanbihi za majedwali hayo, ambazo nakiri kwamba ni wachache wetu tunaozisoma, utakuta kwamba kwa baadhi ya kampuni idadi ya waajiriwa wa nje haikutolewa, hivyo imekadiriwa kwa kutumia uwiano wa mali na wa mauzo. Maana yake ni kwamba theluthi moja ya alama ni mwangwi wa theluthi mbili nyingine. Siwalaumu watakwimu wa UNCTAD, kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya vivyo hivyo nilipokosa njia nyingine. Ninachokipinga ni kuinukuu alama hiyo hadi desimali ya pili.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni neno "nyumbani", ambalo kila mtu hulipita mbio kana kwamba maana yake iko wazi.

Chukua Nestlé, ambayo hupata karibu asilimia 99 ya mauzo yake nje ya Uswisi na hutajwa katika kila mhadhara kama kilele cha utandawazi. Uchumi wa Uswisi ni chini ya asilimia 1 ya uchumi wa dunia. Kampuni ambayo ingeuza bidhaa zake kwa kufuata ukubwa wa masoko tu, bila kuipendelea nchi yoyote, ingepata zaidi ya asilimia 99 ya mauzo yake nje ya Uswisi. Kwa hiyo alama hiyo ya ajabu inakaribiana na ile ambayo mtu angeitarajia kabla ya kujua lolote kuhusu kampuni yenyewe. Marekani, kwa upande mwingine, ni takriban robo ya uchumi wa dunia, hivyo kampuni ya Kimarekani isiyo na upendeleo wowote ingeishia karibu na asilimia 75. Anayeziweka kampuni hizo mbili kwenye orodha moja na kutangaza mshindi anapima zaidi ukubwa wa nchi zao kuliko mwenendo wa kampuni. Juu ya hayo, shehena inayotoka Basel, mji wa Uswisi, na kuvuka mpaka kuingia Ujerumani huhesabiwa kuwa mauzo ya nje, ilhali ile inayosafirishwa kutoka Florida hadi Alaska huhesabiwa kuwa ya ndani.

Kisha kuna nyumba inayohama. Januari 2015, baada ya kuinunua Covidien, kampuni ya vifaa vya tiba ya Medtronic ilihamishia makao yake ya kisheria Ireland, huku uendeshaji ukibaki Minneapolis, Marekani. Ukifuata nchi ya usajili, shughuli zake zote za Marekani ziligeuka kuwa za ugenini bila hata mashine moja kusogezwa. Mimi hufuata mahali uongozi unapofanyia kazi, na kwa Medtronic uamuzi huo ni rahisi. Kwa kampuni ambayo mkurugenzi mkuu anaishi nchi moja, mkurugenzi wa fedha nchi nyingine na bodi hukutana katika nchi ya tatu, nimewahi kubadili mawazo kati ya rasimu ya kwanza na ya pili, na kila mara hoja zangu zilionekana thabiti.

Wapo waliojaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kupima kanda badala ya nchi. Mwaka 2004 watafiti Rugman na Verbeke walizichambua kampuni 365 kati ya 500 kubwa zaidi duniani, kwa takwimu za mauzo za 2001, wakazigawa kwa kanda tatu: Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia. Kampuni 320 zilikuwa na angalau nusu ya mauzo katika kanda ya nyumbani, na 9 tu ndizo zilizoitwa za kidunia, kwa sharti la kupata asilimia 20 au zaidi katika kila kanda bila kufikia nusu katika yoyote. Matokeo hayo huwashtua wapenzi wa ramani, nami nayafurahia. Hata hivyo, namba hiyo 9 inategemea mahali kizingiti kilipowekwa, na ukikishusha kidogo orodha hurefuka.

Tatizo jingine la kanda ni kwamba kampuni hujichorea zake. Katika taarifa za fedha za Apple, sehemu iitwayo "Ulaya" inajumuisha pia India, Mashariki ya Kati na Afrika. Hakuna kanuni iliyovunjwa: hata kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha, IFRS 8, kinachotumiwa na kampuni nyingi nje ya Marekani tangu 2009, hudai mapato yatenganishwe kati ya nchi ya nyumbani na nchi nyingine zote kwa jumla, nchi mojamoja zikitajwa pale tu mapato yake yanapokuwa makubwa, na hakidai idadi ya waajiriwa kwa nchi hata kidogo. Kampuni ikigawa mauzo kwa mahali alipo mteja, au kwa mahali ilipo kampuni tanzu iliyotoa ankara, yote mawili hupita, alimradi ieleze msingi ilioutumia. Mali nazo huhama kwa karatasi. Ireland ilipotangaza mwaka 2016 kwamba pato lake la mwaka uliotangulia lilikua kwa asilimia 26.3, viwanda havikuwa vimeota usiku. Sababu kubwa ilikuwa mali zisizoshikika, kama vile hataza, zilizohamishiwa huko katika vitabu vya kampuni za kimataifa.

Shaka yangu kubwa kuliko zote inahusu watu. Wanaounganisha simu za Apple kiwandani wengi wao wameajiriwa na wakandarasi, na hao wakiwa chini ya Hon Hai ya Taiwan, ijulikanayo pia kama Foxconn, huipandisha Hon Hai alama bila kuigusa Apple kabisa. Nimejaribu mara mbili kuwaingiza wafanyakazi wa wakandarasi katika hesabu za kampuni inayowaagiza kazi, na mara zote mbili nilijikuta nimewahesabu watu walewale chini ya kampuni nne, kwa kuwa mstari mmoja wa uzalishaji huhudumia wateja kadhaa. Sina kanuni ya kuwagawa ambayo ningeweza kuitetea mbele ya mwenzangu mkali.

Ile rasimu nimeirudisha ikiwa na safu tatu za miaka kumi bila wastani, pamoja na tanbihi inayoeleza nyumbani ni wapi na kwa nini. Safu ya waajiriwa ina miaka minne mitupu. Ramani nimeiondoa.