Mstari mmoja kwenye kipimo usikufanye umuue paka wako

Jumamosi imetokea tena. Dada mmoja kaja na kapaka kwenye boksi la maji ya chupa, kana wiki tisa tu, kaokotwa pale Mwaloni Kirumba kwenye magunia ya dagaa. Kalishapimwa mahali pengine, kakatoka na FIV, kirusi cha paka kinachodhoofisha kinga ya mwili, sasa anaomba nikachome sindano kafe kabla hakajaambukiza watoto nyumbani. Wakati huo kapaka kenyewe kanang'ata mrija wa stetoskopu yangu mezani, macho yanang'aa, hakana hata mafua. Mwaka huu nimeshaombwa hivyo mara nyingi mno na inaniuma kila mara.

Sikilizeni jamani. Kipimo cha haraka cha FIV hakitafuti kirusi, kinatafuta antibodi, yaani zile kinga ambazo mwili unatengeneza ukishakutana na kirusi. Sasa mama paka mwenye FIV anawapa wanae antibodi zake kwenye maziwa ya mwanzo, kwa hiyo watoto wanakuwa nazo kwenye damu hata kama kirusi chenyewe hawana, na wengi kweli hawana. Ukipima wa wiki tisa mstari wa "anao" ukatokea, inawezekana kabisa umepima kinga za mama yake. Zinapungua zenyewe, paka akipita miezi sita kwa kawaida zinakuwa zimeisha, ndo maana tunasema rudia hapo. Mtu anamuua mtoto kwa kitu alichoachiwa na mama yake, na daktari kasaini!

Hata paka mkubwa usimhukumu kwa mstari mmoja. Chukua mfano tu: paka elfu moja wa ndani, wenye ugonjwa kweli ni kumi, na kipimo kinadanganya kwa paka wawili kwa kila mia ya wazima. Hapo utapata karibu ishirini wa uongo na kumi wa kweli. Kipimo sio kibovu, ila ugonjwa ukiwa adimu kwa paka wa aina hiyo, majibu ya uongo yanakuwa mengi kuliko ya kweli. Rudia kwa kiti (kile kifaa cha kupimia) ya kampuni nyingine, na kama hela ipo peleka damu maabara wafanye PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.

FeLV, kirusi cha leukemia ya paka, ni habari nyingine, watu wanaichanganya na FIV kila siku. Yenyewe kipimo kinatafuta kipande cha kirusi, protini ya p27, kwa hiyo antibodi za mama hazisumbui na hata mtoto unampima. Ila mstari ukitokea bado unathibitisha, kuna paka ambao mwili wao unakikandamiza kirusi na majibu yanabadilika baadaye.

"Dokta, kimetoka hakuna kitu, basi yuko safi." Sio lazima. Dume lako limeng'atwa Igoma juzi usiku ukapima leo, hujapima kitu. FIV inaweza kuchukua mpaka siku 60 kuonekana, FeLV kama 30. Hesabu siku kuanzia alipong'atwa ndo urudi, na dume hilo lihasiwe maana ugomvi ndo njia kubwa ya FIV.

Kuambukiza watoto wa nyumbani, kama yule dada alivyoogopa: hapana. Kirusi cha FIV kiko ukoo mmoja na cha UKIMWI lakini hakimuingii binadamu. Simba wazima wa Serengeti, hapo tu ukishapita Lamadi, wengi sana wana aina yao ya kirusi hiki na wanaishi na kuzaa.

Kipimo cha antibodi za korona ya paka nacho kisitumike kusema paka ana FIP, ule ugonjwa mbaya unaotokana na korona hiyo kwa paka wachache. Nyumba yenye paka wengi, karibu wote wanaweza kuwa nazo na wanacheza tu.

Na naomba sana, kiti isomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Ikisahauliwa dirishani na hili jua letu mpaka saa ya chai, mstari hafifu unaojitokeza baadaye usiuhesabu. Piga picha muda ule ule, andika tarehe na umri wa paka, uje nayo.

Yule dada karudi naye Nyegezi. Nimeandika kwa maka pen juu ya boksi mwezi wa kurudia, na nimemwambia mpaka siku hiyo kapaka kalale ndani, kasipigane na paka wa mtaani.