Je, wajua kwa nini salamu ya Ujiji inakumbukwa lakini kampuni iliyoigharamia imesahaulika?

Aliyesoma historia shuleni anajua kwamba mwaka 1871, pale Ujiji, Kigoma, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone na kumsalimu kwa kumuuliza kama ndiye. Maneno yenyewe yana utata, maana kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu kukutana kwao zilichanwa, lakini hilo halijazuia dunia kuyanukuu mpaka leo. Sasa jiulize: nani alimlipa Stanley? Haikuwa serikali wala kanisa. Lilikuwa gazeti la New York Herald la Marekani, lililotaka habari ya kuuza nakala. Kwa lugha ya siku hizi tungesema lilikuwa tukio la kampuni, na sidhani kama Kigoma imewahi kuona jingine lililovuma kama hilo. Lakini anayetembelea mnara wa Ujiji huondoka na ile salamu kichwani, jina la gazeti akaliacha palepale.

Wanaoandaa uzinduzi, bonanza na hafla za wateja wanaujua ugonjwa huu. Watu wanakumbuka tukio, mwenye tukio hawamkumbuki. Kwa nini?

Kwanza, kichwa hakitunzi saa tano za hafla. Kinatunza zaidi pale palipotugusa kuliko kwingine kote, na namna mambo yalivyoisha. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio la maji baridi. Watu 32 walitumbukiza mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Kwa mkono mwingine walifanya vilevile, ila hawakuutoa: waliongezewa sekunde 30, na katika hizo maji yalipashwa kidogo hadi nyuzi 15, bado baridi ya kuuma. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, 22 walichagua lile refu. Yaani walichagua kuumia zaidi, kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa na nafuu. Urefu wa mateso haukuhesabiwa sana, mwisho ndio uliohesabiwa.

Ukishajua hilo, itazame hafla ya kawaida pale Kigoma mjini. Kadi inasema saa nne asubuhi. Mgeni rasmi anafika saa sita na nusu, wapiga ngoma wameshalowa jasho kwa kumpokea kila mwenye gari lenye kiyoyozi. MC anamkaribisha atakayemkaribisha atakayemkaribisha mgeni rasmi. Risala inasomwa. Meza kuu ina maji ya chupa. Huku nyuma, chini ya turubai, watu wanajipepea kwa vipeperushi vya kampuni, na hayo ndiyo matumizi pekee ambayo vipeperushi hivyo vitapata. Kisha msanii anapanda jukwaani na watu wote wanainuka. Hicho ndicho kilele, na ni mali ya msanii. Mwisho boksi la fulana linafunguliwa, watu wanasukumana, mama mmoja anapoteza ndala, na waliobaki wanapewa saizi ya mtoto.

Kesho yake sokoni Mwanga kuna habari mbili: fulani alivyoimba, na watu walivyogombania fulana. Kampuni imo kwenye habari ya pili tu.

Tatizo lingine ni kufanana. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hedwig von Restorff, alionyesha kwamba kitu kinachotofautiana na vingine kwenye orodha hukumbukwa kwa urahisi zaidi. Hafla zetu zinakwenda kinyume kabisa: turubai lilelile, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, maputo, zulia jekundu. Badilisha bango, na hafla ya benki inakuwa ya mtandao wa simu.

Ajabu ni kwamba Kigoma huhitaji kukodi tofauti. Ziwa Tanganyika liko magharibi, kwa hiyo jua linazama juu ya maji, upande wa milima ya Kongo. Tena linachelewa. Saa ni moja nchi nzima, lakini Kigoma iko mbali magharibi, hivyo jua lake huzama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Ratiba iliyoandikwa na ofisi ya Dar, inayotegemea giza la saa moja kasoro, itawakuta watu wa Kigoma bado wanakunja macho kwa mwanga.

Tuchukue kampuni inayouza taa za sola. Ingeweza kukodi ukumbi, ikaweka skrini na kuonyesha video ya taa. Mimi ningeipeleka ufukweni jioni, wageni wakae wakitazama ziwa. Migebuka, samaki wa ziwa hilo, ichomwe pembeni, harufu ifanye kazi yake. Njia ya harufu ndani ya ubongo iko karibu sana na sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Jua likishazama na giza kuingia, jenereta lizimwe, MC anyamaze. Halafu mitumbwi iliyotia nanga mbele yao iwashe taa za kampuni, mmoja baada ya mwingine, mpaka maji yote yang'ae.

Hapo tarehe inataka akili. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika kwa kuwa taa zao za kuvutia samaki hazishindani na mbalamwezi. Hivyo mitumbwi inapatikana siku za mwezi mkubwa, ambazo tena si nzuri kwa onyesho la taa. Njia ni kwenda siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu. Kwa wastani mwezi huchelewa kuchomoza dakika 50 kila siku, kwa hiyo kati ya jua kuzama na mwezi kuchomoza unapata karibu saa moja na nusu au zaidi, na wavuvi bado wako nyumbani. Walipwe vizuri, maana wao ndio kilele.

Kilele hiki kina kitu ambacho Stanley hakukiweka kwenye salamu yake: bidhaa yenyewe. Huwezi kusimulia usiku ule bila kuzitaja taa. Linganisha na gazeti jingine, L'Auto la Ufaransa, lililoanzisha mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 1903 ili liuzike. Lilikuwa likichapwa kwenye karatasi ya njano, na mwaka 1919 anayeongoza mbio akaanza kuvishwa jezi ya njano, rangi ambayo mara nyingi huelezwa kuwa ilitokana na karatasi hiyo. Gazeti lilifungwa mwaka 1944, lakini rangi yake bado inavaliwa. New York Herald lilinunua tukio zima bila kuweka ndani yake hata uzi mmoja wa kwake.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia simu mpambaji, andika sentensi moja ambayo ungependa mgeni aiseme kesho yake nyumbani. Kama inasemeka vizuri bila jina la bidhaa yako, bado hujapata kilele, tafuta kingine.

Na mwisho ulindwe kama fedha. Hotuba zimalizwe kabla ya jua kuzama, watu wakiwa na nguvu. Magari ya kuwarudisha wanaokaa Ujiji na Gungu yawepo tayari, yasiwe ya kuitwa kwa simu saa nne usiku. Fulana zigawiwe mlangoni wakati wa kuingia, kila mtu kwa saizi yake, na zikiisha boksi liondolewe mbele ya macho ya watu.