"Nje ya mada" maana yake nini?

Kwenye majukwaa ya maswali mtandaoni, swali huitwa nje ya mada linapoulizwa mahali pasipohusika nalo. Huko ni kupima mahali tu. Swali lililoandikwa kwa utulivu, lenye maelezo yote, laweza kuwa nje ya mada, na la mstari mmoja lisiloeleweka likawa ndani barabara. Wanaochanganya ubovu wa swali na mahali pake ndio huanza kumkaripia mgeni.

Chukua jumuiya ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mtu anauliza, "Ninunue kompyuta ipi ya kujifunzia Python?" Jina la Python limo, ila anayefaa kujibu ni mjuzi wa kompyuta. Mimi hulifuta hilo jina kichwani nione: swali likibaki lilelile, liko nje.

Kipimo hiki hakitoshi kila mara. Mwingine analalamika kwamba programu yake inafungua faili vizuri kwenye Windows, lakini kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, inadai faili haipo. Msimamizi mwenye haraka atasema hayo ni mambo ya Linux, afunge. Kumbe faili inaitwa Data.csv, na kwenye kodi, yaani maandishi ya programu, jamaa kaandika data.csv. Windows kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali. Kosa limo kwenye kodi yake, na swali ni la hapohapo.

Zamani kwenye orodha za barua pepe mtu alitanguliza herufi OT ("off topic", yaani nje ya mada) kwenye kichwa cha ujumbe, asiyetaka apite. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya programu iliyoanzishwa 2008, ilichagua kufunga: swali halipokei majibu mapya, lakini halijafutwa, na mwenyewe akilirekebisha laweza kufunguliwa tena. Mwaka 2009 zikaongezwa tovuti dada, Server Fault kwa wasimamizi wa seva na Super User kwa mambo ya kompyuta kwa jumla, ili maswali ya namna hiyo yapate kwao.

Kwa hiyo kumwambia mtu "hapa si mahali pake" ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwonyesha penyewe, na hapo ndipo wengi huboronga. Yule wa kompyuta ya kununua akielekezwa Super User atafungiwa tena, kwa sababu huko nako ushauri wa manunuzi haupokelewi. Kabla ya kumtuma mtu, soma kwanza kanuni za huko unakomtuma.