Besi milia na maana ya kupandikiza samaki

Kupandikiza samaki ni kuchukua samaki waliozaliwa kwingine na kuwaachia kwenye maji ambamo hawamo, au wamo lakini ni wachache. Si kufuga. Mfugaji huwalisha samaki wake, huwazungushia ukuta au wavu, na siku ya kuvuna huvuna yeye. Samaki wa kupandikizwa akishaachiwa ameachiwa: atajitafutia, atakula au ataliwa, na atakayemvua ni yeyote mwenye leseni na ndoana.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa neno hili lina uzito wake. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akazaliana mwenyewe, akawamaliza furu wa aina nyingi, na leo hakuna wa kumtoa. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia "kupandikiza" tunafikiria jambo la mara moja lisilorudi nyuma. Ipo aina nyingine, inayofanana zaidi na mkulima wa mahindi chotara ambaye kila msimu lazima arudi dukani kununua mbegu. Mfano wake ulio wazi ni samaki wa Marekani ambaye Kiswahili hakijampa jina. Kwa kuwa ana mistari ubavuni, hapa nitamwita besi milia.

Besi milia, ambaye wataalamu humwita Morone saxatilis, ni samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari saba au minane myeusi inayotoka nyuma ya shavu hadi mkiani. Kwao ni pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia mto St. Lawrence wa Kanada hadi Florida, pamoja na baadhi ya mito ya Ghuba ya Mexico. Hukulia baharini, na baridi ikishapungua hupanda mitoni kutaga. Ni samaki mvumilivu wa safari. Mwaka 1879, samaki 132 waliovuliwa New Jersey walivushwa bara zima kwa treni na kuachiwa upande wa San Francisco. Walifuatiwa na wengine kama 300 mwaka 1882, na kutokana na hao pwani ya magharibi ikapata besi milia wake.

Basi samaki huyu anaweza kuishi maisha yake yote kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Anakula, ananenepa, anafikisha kilo 20 na zaidi, hata mayai anayabeba tumboni. Kinachomshinda katika ziwa ni kuyaangua.

Sababu iko kwenye yai lenyewe. Likitoka tumboni lina upana wa milimita moja na kidogo. Likiingia majini hunyonya maji na kuvimba hadi milimita tatu na zaidi, likawa tone linalopitisha nuru, zito kidogo tu kuliko maji. Halina gundi ya kulishika kwenye jiwe wala jani, na mama halilindi. Linahitaji maji yanayokwenda yalibebe juujuu mpaka liangue, na kwa joto la nyuzi 18 za selsiasi kuangua huchukua siku mbili hivi. Piga hesabu: mkondo wa sentimita 30 kwa sekunde, ambao si mkali hata kidogo, utalisafirisha yai kilomita 50 na ushee kwa siku mbili. Kwa hiyo besi milia anahitaji mto mrefu usiokatizwa na bwawa. Ziwani yai huzama, tope hulifunika, hewa hulikosa, basi.

Watu walilijua hilo vizuri zaidi baada ya tukio ambalo hakuna aliyelipanga. Kule Carolina Kusini, mwaka 1941, mabwawa ya umeme ya mradi wa Santee Cooper yalifungwa na kuzaa maziwa mawili, Marion na Moultrie. Besi milia walijikuta ndani. Badala ya kufa wakaongezeka, na miaka ya 1950 ilithibitishwa kwamba walikuwa wanazaliana humo humo. Siri ilikuwa upande wa juu wa ziwa: mito ya Congaree na Wateree inayolipa maji ilibaki na urefu wa kutosha, yai likitagwa huko likaelea mpaka likaangua kabla ya kufika kwenye maji yaliyosimama. Majimbo mengine yenye mabwawa mapya yalitamani bahati hiyo. Yakaomba samaki wakubwa, yakawaachia kwenye maziwa yao, samaki wakakua. Vifaranga havikuonekana, kwa kuwa mito yao ilikuwa mifupi.

Hapo ndipo kituo cha kutotolesha kinapoingia, na ukitaka kukielewa kituo hicho kifikirie kama mto wa kuazima: kazi yake ni kuliweka yai kwenye maji yanayokwenda kwa siku mbili.

Kutotolesha besi milia hakukuanza kwa maziwa haya. Tangu miaka ya 1880 kulikuwa na kituo Weldon, Carolina Kaskazini, kando ya mto Roanoke. Udhaifu wa njia ya zamani ni kwamba ilibidi umkute jike akiwa tayari kabisa kutaga. Ukimvua mapema, mayai ni magumu, hayatoki. Ukichelewa, ameshamaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu Robert Stevens, katika kituo cha Moncks Corner huko Carolina Kusini, alionyesha kwamba jike aliyekaribia kupevuka anaweza kuharakishwa kwa sindano ya homoni. Homoni yenyewe ni ile ile inayotafutwa na kipimo cha mimba cha duka la dawa, inayotoka kwenye mkojo wa mama mjamzito. Mfugaji wa kambale anayesoma hapa ameshatabasamu, maana sindano ya namna hiyo anaijua. Tofauti inachekesha kidogo: kwa kambale anayechinjwa ni dume, ili kutoa mbegu zake, kwa besi milia dume hukamuliwa tu akarudi majini, na katika vituo vingi aliyepasuliwa tumbo ni jike.

Baada ya sindano kazi huwa ni kusubiri, na hapa ndipo ufundi ulipo. Siku moja hivi ikipita, mtaalamu humgeuza jike chali ndani ya maji, anaingiza mrija mwembamba kwenye tundu la uzazi na kuvuta mayai machache. Anayaweka chini ya hadubini na kuangalia kiini na matone ya mafuta yamefika wapi. Kwa sura hiyo anatamka: huyu bado saa 10, yule bado saa 6. Saa zikikaribia anapima tena, na tena, mara nyingi usiku wa manane. Hakuna ubishi wala uvivu hapa, kwa sababu mayai yakishaachana na nyama iliyokuwa inayalisha yanakosa oksijeni ndani ya tumbo la mama yao. Ndani ya saa moja hivi yameharibika, yote, na jike mkubwa anaweza kuwa na mayai zaidi ya milioni moja. Ukiyatoa kabla ya wakati huo, hayajapevuka. Nafasi ni hiyo moja.

Yakitoka kwa wakati wake, humiminwa kwenye beseni, manii ya madume mawili au zaidi hukamuliwa juu yake, maji huongezwa, na yote hukorogwa taratibu. Kisha huenda kwenye mitungi ya kioo ya lita sita au saba. Mrija huteremsha maji hadi chini kabisa ya mtungi, maji hugonga kitako cha mviringo na kupanda, na mayai maelfu kwa maelfu hupanda nayo, hugeuka, hushuka, hupanda tena. Ukisimama mbele yake utadhani ni ubuyu unaochemka bila moto. Maji yakiwa mengi mno mayai humwagika nje. Yakipungua mayai hulala chini na kuoza. Yaliyokufa hubadilika kuwa meupe na kupanda juu, yakafyonzwa na kutupwa. Siku ya pili au ya tatu vibuu huangua, kila kimoja kama uzi wenye macho, vikapita ukingoni mwa mtungi na kudondokea kwenye tangi.

Kwa siku tano hivi kibuu hakina haja ya chakula, kinaishi kwa kiini chake. Lakini kina mtihani mmoja: lazima kipande hadi juu ya maji, kimeze hewa, kijaze kibofu kitakachokisaidia kuelea maisha yake yote. Utando mwembamba wa mafuta juu ya maji unatosha kukizuia, na samaki aliyekosa hewa hiyo huogelea kwa taabu, mgongo ukapinda, akafa mdogo. Baada ya hapo hupelekwa kwenye mabwawa ya udongo. Mabwawa haya hayajazwi mapema, kwa sababu yakikaa na maji muda mrefu hujaa wadudu walao vibuu. Hujazwa siku chache kabla, yakarutubishwa kwa mashudu ya pamba au majani makavu, ili vidudu vidogo vya majini viumuke wakati ule ule midomo ya vibuu inapofunguka. Ukikosea kwa siku chache utavuna bwawa tupu. Wiki tano au sita baadaye vifaranga wana urefu wa kidole gumba, na wakichelewa kuvunwa huanza kulana.

Safari ya ziwani ni fupi kusimulia: matangi yenye oksijeni, chumvi kidogo ili kupunguza mshtuko, na ziwa likifikiwa maji yake huchanganywa polepole na ya tangi mpaka joto lilingane. Kisha bomba hufunguliwa.

Kwa nini gharama zote hizo? Sehemu moja ni burudani, maana mvuvi wa ndoana Marekani hulipia leseni na hupenda samaki wa kupigana naye. Sehemu ya pili ni shadi, samaki wa jamii ya dagaa ambao mabwawa mapya yaliwafaa mno. Shadi wakikua huwa wakubwa kuliko mdomo wa samaki wengi wawindaji, na huishi katikati ya ziwa ambako wengine hawaendi. Besi milia huwafuata huko kwa makundi. Ziwa Kariba, bwawa lililo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilikuwa na tatizo la kinyume chake: katikati ya ziwa palikuwa patupu, mpaka dagaa wa Tanganyika walipopelekwa mwaka 1967 na 1968.

Tatizo kubwa la besi milia ziwani ni kiangazi. Maji ya juu hupata joto, ya chini hubaki baridi lakini oksijeni huisha. Besi milia mkubwa hukwepa maji yanayozidi nyuzi 25 hivi, kwa hiyo hubanwa kwenye tabaka jembamba la katikati, mbali na chakula. Tabaka hilo likitoweka, wanaoanza kuelea matumbo juu ni wale wakubwa, wale wale ambao wavuvi waliwasubiri kwa miaka. Hili ndilo lililofanya majimbo mengi yapende chotara wa besi milia na besi mweupe (ndugu yake wa maji baridi), aliyezalishwa Carolina Kusini mwaka 1965, ambaye huvumilia joto zaidi.

Mimi naona kutozaliana huku, kunakoonekana kama kasoro, ndiko kunakofanya upandikizaji huu uwe na breki. Vifaranga wakizidi, mwaka unaofuata unapeleka wachache, au hupeleki kabisa. Breki hiyo si ya uhakika. Ziwa Powell, kwenye mto Colorado, lilipandikizwa kuanzia 1974 hadi 1979. Wakuu wake hawakutarajia uzao, besi milia wakazaliana, wakala shadi mpaka wakabaki wenyewe wamekonda vichwa vikubwa. Ziwa Texoma, mpakani mwa Oklahoma na Texas, nalo linajizalishia kwa msaada wa mito ya Red na Washita.

Penye shaka kama hiyo, vifaranga huogeshwa kwanza kwenye maji yenye dawa ya oksitetrasaiklini kabla ya kuachiwa. Dawa huacha duara kwenye kijiwe cha sikio la samaki. Baadaye akivuliwa, kijiwe hukatwa na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno: kikimetameta njano, samaki ametoka mtungini. Kisipometameta, kuna mto mahali fulani juu ya ziwa unaofanya kazi.