Lawama ya mdororo: mtawala anahukumiwa kwa lipi wakati wa janga?

Lawama ya mdororo ni ile hukumu ambayo wapiga kura humpa aliye madarakani uchumi unapoporomoka, awe amesababisha au la. Rais Herbert Hoover aling'olewa nayo Marekani mwaka 1932. Si ya uonevu mtupu: uchumi unapopaa, watawala hao hao huwa wa kwanza kujipongeza.

Janga la maradhi, kama lile la korona la 2020, huvuruga hesabu hiyo, kwa kuwa virusi havina chama. Nchini Marekani, ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.5 Februari 2020. Aprili ulivuka 14. Wapinzani wakamlaumu Rais wa wakati huo, Donald Trump, kwa kuudharau ugonjwa. Yeye akainyooshea kidole China, kisha magavana waliofunga biashara. Lakini je, ni amri za magavana zilizowaondoa wateja? Wachumi Austan Goolsbee na Chad Syverson wa Chuo Kikuu cha Chicago walichunguza takwimu za simu za mkononi wakakuta kwamba wateja walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na amri zilichangia pointi 7 tu. Woga uliwafungia watu ndani kabla ya serikali. Hata Sweden, ambayo haikufunga shughuli zake kama majirani, uchumi wake ulinywea.

Takwimu nazo hupindwa. Robo ya pili ya 2020 ilitangazwa kuwa pato la Marekani limeanguka kwa zaidi ya asilimia 30, na wapinzani wakaishikilia. Hicho ni kipimo cha mwaka mzima, yaani kama kasi ile ingeendelea kwa robo nne. Anguko lenyewe lilikuwa takriban asilimia 9. Robo iliyofuata Trump alijivunia ongezeko la asilimia 33, lililopigiwa hesabu ile ile.

Ninavyoona, swali la haki si uchumi ulishuka kiasi gani, bali mtawala alifanya nini ulipokuwa ukishuka. New Zealand pato lilianguka kwa zaidi ya asilimia 10 katika robo moja, na bado Waziri Mkuu wa wakati huo, Jacinda Ardern, alishinda uchaguzi kwa kishindo Oktoba 2020. Marekani, nyongeza ya dola 600 kwa wiki kwa waliopoteza kazi ilikoma mwishoni mwa Julai, na Ikulu na Bunge wakavutana hadi Desemba ndipo wakapitisha msaada mwingine. Hapo virusi havihusiki.