Mafundi wa kuchomelea mnaomwaga rodi kwenye kona, njooni tuzungumze

Juzi nimeletewa tena fremu ya tela iliyokatika. Kwenye kiungo pamelala bonge la mchomeo, nene kama kidole gumba, na aliyeileta ananiambia: "Fundi, hapa ongeza nyama tu, ya kwanza haikutosha." Nyama ilikuwepo ya kutosha fremu tatu! Na bonge lenyewe lilikuwa zima. Kilichopasuka ni bamba, pembeni kabisa, kwenye mstari ule ambapo bonge linakutana na chuma. Nikamwonyesha. Akatazama, akatikisa kichwa, akarudia: "Kwa hiyo utaongeza?"

Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, basi naliandika.

Nguvu ya mchomeo wa kona haipimwi kwa wingi wa chuma ulichomwaga. Inapimwa kwenye koo, yaani njia fupi kuliko zote kutoka mzizini, ndani kabisa ya kona, hadi usoni mwa mchomeo. Miguu, yaani pande mbili za mchomeo zilizolala juu ya mabamba, ikiwa sawa kwenye kona ya nyuzi 90, koo ni takriban 0.7 ya mguu: mguu wa milimita 6 unakupa koo la milimita 4.2. Ukitoka mguu wa 6 kwenda 12, nguvu inakuwa mara mbili, lakini chuma unachomwaga kinakuwa mara nne, kwa sababu eneo la pembetatu linakua kwa mraba. Rodi mara nne, muda mara nne, na joto la kutosha kukupindia kazi yote. Halafu kama bamba lenyewe ni la milimita 6, hizo 12 zako zinalinda nini? Bamba litakatika kwanza.

Na hapo nazungumzia aliyekuza miguu kwa mpangilio. Wengi hawakuzi miguu, wanapandisha mgongo. Mgongo uliotuna hauhesabiwi kwenye koo la hesabu hata kidogo. Kazi yake moja ni kutengeneza kona kali pale pembeni, na kwenye kitu kinachotikiswa, kona kali ndipo ufa unapozaliwa. Tela inatikiswa kila siku ya maisha yake.

Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la Norwei la malazi ya wafanyakazi wa mafuta, lililoitwa Alexander L. Kielland, lilipinduka, na kati ya watu 212 waliokuwemo wakafa 123. Ufa uliomaliza kila kitu ulianzia kwenye mchomeo wa kona wa milimita 6, uliokuwa umeshika kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini. Mchomeo huo haukubeba mzigo wa jukwaa. Ila ulikuwa na umbo baya na haukuyeyukiana vizuri na chuma, na wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa, maana yake ulikuwepo tangu kwenye ujenzi. Mawimbi yakaukuza kidogo kidogo hadi boriti ikakatika. Nikisikia mtu anasema "hapa ni kishikizo tu, gusa gusa tu", huwa nalikumbuka hilo jukwaa.

Sasa, bonge linatoka wapi? Mara nyingi ni mashine iliyowekewa moto mdogo, yaani ampea chache, na mkono unaotambaa. Dondosha nta ya mshumaa kwenye sakafu ya saruji: inajaa, inaganda, halafu unaibandua kwa ukucha. Chuma kilichoyeyuka juu ya bamba lisiloyeyuka kinafanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba ukucha wako hautoshi na unadhani kimeshika. Ukiona pembeni mwa mchomeo pamejikunja kama ukingo wa chapati iliyolala juu ya sahani, huo haujashika. Usiuongezee mwingine juu. Usage.

Rodi ya milimita 3.2 aina ya E6013 mimi naianzia karibu ampea 110, ya 2.5 karibu 75, halafu naisikiliza. Pakiti ina kiwango chake, kisome. Arki, yaani mwako wa umeme kati ya rodi na bamba, iwe fupi, isizidi unene wa waya wa rodi. Wengi wanainua rodi ili waone vizuri, na kwa kuinua wanatawanya joto na kuruhusu hewa iingie, halafu wanalaumu rodi kwa vitundu. Usipoona, sogeza kichwa, badilisha kioo, leta taa. Rodi iache pale pale.

Tazama dimbwi la chuma kilichoyeyuka, usitazame mwanga. Slagi, ule uchafu wa ganda la rodi ulioyeyuka, inatakiwa ifuate nyuma. Ikikupita mbele, umechelewa au umelaza rodi vibaya, na unaizika chini ya chuma. Ukipandisha moto kupita kiasi utachimba mfereji pembeni, nao ni ubaya ule ule wa bonge kwa njia nyingine. Tulia kidogo kwenye kingo, pita upesi katikati.

Kutu, rangi, mafuta: ondoa. Zinki nayo isage mbali na mchomeo, mvuke wake unaleta homa. Sitaeleza zaidi, haya mnayajua na hamyafanyi.

Pengo ndilo linaloninyima usingizi. Kona yenye pengo la milimita 2 mzizini inakula milimita 2 za mguu wako: ulidhani umechomea 6, una 4. Ndiyo maana dakika kumi za kukata vizuri na kubana kwa klempu ni bora kuliko nusu saa ya kujaza. Lakini kujaza kunaonekana ni kazi, na kupima kunaonekana ni uvivu.

Kuhusu rodi ya aina ya E7018 iliyokaa wazi: kuianika juani hakusaidii. Kuikausha upya kunataka tanuri la zaidi ya nyuzi 250 za Selsiasi, na jua halifiki huko. Unyevu unaingiza hidrojeni, na kwenye chuma kigumu au kinene ufa unaweza kutokea siku mbili baadaye, wakati umeshalipwa na kupongezwa. E6013 haina makeke hayo, na E6010 ukiioka unaiharibu, kwa sababu inahitaji unyevu wake.

Na sasa niseme ninachokionea aibu. Macho hayaoni mzizi, hata yangu. Kuna mshono niliouchomea, magamba yamepangana kama ya samaki, nikaupiga picha na kujivunia. Nikaukata kwa msumeno kwa udadisi, nikasugua uso wake kwa msasa, na mzizini palikuwa na mstari mweusi. Haukuyeyukiana. Ningeapa kuwa ni mzima. Tangu hapo sina uhakika na mchomeo wowote kwa kuutazama tu, ukiwemo wa kwangu. Pia nasukasuka mkono kwa mazoea, ingawa kwenye kazi nyingi najua mistari iliyonyooka ingetosha na ingepunguza joto. Mkono una ukaidi wake.

Kwa hiyo kabla ya kazi yenye maana, nachomea vipande viwili vya bamba lile lile kwa umbo la T, upande mmoja tu, kwa rodi na moto ule ule nitakaotumia. Kikipoa nakibana kwenye jiriwa, nakilaza kwa nyundo kuelekea mchomeo mpaka kivunjike au kijikunje. Kikivunjika, natazama mzizini. Kukiwa na makali ya bamba bado yamenyooka kama yalivyokatwa, moto haukufika.

Ile tela nilisaga bonge lote, nikachimba ufa hadi mwisho wake, nikaziba, nikarudia kona kwa miguu ya 6 na kulainisha kingo kwa grenda. Mwenyewe alipokuja kuichukua, akapitisha kidole juu ya mchomeo, kisha akanitazama kama mtu aliyepunjwa.

"Mbona mwembamba hivi?"